Kufunga kamera ya habari na transmita kwenye R44 hapa Malindi: nianzie wapi?

MwanaSabaki

Assalam alaykum wanajamvi.

Stesheni yetu ya televisheni iko Malindi, na tumekaribia kukubaliana na wenye helikopta ya kukodi, Robinson R44 Raven II, ifungwe kamera ya habari. Kazi ni zile za kwetu huku: Sabaki ikifurika, Mto Tana ukivunja kingo Garsen, chombo kikizama, mikutano ya siasa, Maulidi ya Lamu. Wakubwa hawataki picha za kurekodi zikaonyeshwe usiku. Wanataka ziingie kwenye taarifa ya saa saba mchana, jambo lenyewe likiwa bado linatendeka.

Mlingoti wetu ni wa mita 30, uko mjini, na una nafasi ya antena. Yananisumbua mambo matatu. R44 itawabeba rubani, kameramani na mtangazaji pamoja na mitambo? Picha ikitoka juu ya Garsen au Lamu itafika Malindi bila setilaiti? Na kuna muuzaji anatusukumia mkoba wa kurushia kwa laini za simu. Anasema huo peke yake unatosha, transmita na antena ni mambo ya kizamani. Bajeti si kubwa, nisingependa kununua kitu mara mbili.

FundiHanga

Waalaykum salaam. Kamera usiiangalie kwanza. Waombe wenye chopa karatasi ya mizani ya ndege hiyo hiyo, si ya kitabu, maana kila R44 ina uzito wake kulingana na vilivyofungwa ndani. Ukishaipata, piga hesabu ya namna hii (tarakimu zangu ni za mfano, weka zako):

Uzito wa juu unaoruhusiwa wa Raven II ni kilo 1,134. Ikiwa tupu, tuseme 690. Gimbali (kasha la kamera linalojizungusha na kuituliza picha) na kishikio chake puani, 30. Kiwambo, rimoti na kirekodi cha kameramani, 12. Transmita, antena na kebo, 18. Umeshafika 750 na hakuna aliyepanda. Rubani 80, kameramani 85, mtangazaji 70, unakuwa 985. Tangi zote mbili zikijaa ni lita 176 hivi, na avgas (petroli ya ndege) ina kilo 0.72 kwa lita, basi ongeza 127. Jumla 1,112. Umebakiwa na kilo 22, na humo kuna jaketi za kujiokolea, maji ya kunywa na begi la kebo ambalo kameramani hasemi ana nalo mpaka siku ya safari.

Inaruka, ndiyo. Lakini ongeza maboya ya dharura ya kujaa upepo, ambayo kwa kazi ya baharini mimi nisingeyaacha. Hayo ni kama kilo 30, umeshazidi. Hapo anashuka mtangazaji au yanashuka mafuta. Injini inakunywa lita 57 hadi 60 kwa saa, kwa hiyo lita 40 ukizitoa umepunguza kilo 29 na umepoteza dakika 40 za kukaa hewani. Kwa rai yangu mshushe mtangazaji, asimulie akiwa studio huku anatazama picha. Mtazamaji wa nyumbani hajui tofauti, na huko studio atasikika vizuri zaidi.

Sasa kitovu cha uzito, ambacho ndicho husahaulika. Gimbali ya puani iko karibu mita 2 mbele ya mlingoti wa rota. Kilo 30 mara mita 2 ni 60. Gawa kwa kilo 1,050 za ndege nzima: kitovu kinasogea mbele sentimita 5.7. Nafasi yote uliyopewa kwenye R44, kutoka kikomo cha mbele hadi cha nyuma, ni kama sentimita 27 tu. Isitoshe, tangi ziko nyuma kidogo ya mlingoti, hivyo mafuta yanavyopungua pua inazidi kuelemea. Kwa hiyo kameramani akae nyuma, si mbele na rubani, na hesabu ifanywe mara mbili: ya kuondoka tangi zikiwa zimejaa na ya kutua zikiwa na lita 20. Ya kuondoka itakubali. Ya kutua ndiyo itakayokataa. Pua ikizidi, rubani anaivuta saikliki (usukani wa kuinamishia rota) nyuma mpaka inagota, na hapo hana tena cha kuisimamisha ndege.

Kishikio kiwe na cheti cha STC (idhini ya kubadilisha muundo wa ndege) cha aina hiyo ya ndege, na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) waridhie kitumike kwenye ndege ya usajili wa Kenya (5Y). Fundi wa kuchomelea wa jua kali asiguse hapo hata awe bingwa. Na wenye chopa wawe na leseni ya kazi za angani, si ya kubeba abiria pekee. Hilo waulize kabla hamjaandikiana.

Umeme: Raven II ni volti 28. Gimbali ikitulia inakula wati 250 hivi, mota zake zikifanya kazi pamoja inafika 400. Transmita ya kutoa wati 5 hewani inavuta kama 80. Viwambo viwili 60, kirekodi na enkoda (kigeuza picha kuwa data) 80. Kwenye kilele ni wati 620, yaani ampea 22. Jumlisha na matumizi ya ndege yenyewe, na jumla isipite asilimia 80 ya kilichoandikwa kwenye alternata. Vifaa vyote vya kamera viwe na njia yao ya umeme, kila kimoja na sakiti breka yake, halafu swichi moja kuu ambayo rubani anaifikia bila kuinama. Alternata ikifa anazima yote kwa kidole kimoja, betri inabaki kwa ajili ya ndege.

Mwisho, jaribio la mwingiliano. Injini ikiunguruma chini, washa kifaa kimoja kimoja huku rubani anasikiliza redio ya VHF kuanzia 118 hadi 137 MHz na kutazama dira, GPS na mishale ya mizunguko. Gavana ya Robinson (kidhibiti cha mwendo wa injini) inasoma mizunguko ya injini kwa umeme, na mawimbi mazito karibu yake yanaweza kuichezesha. Mshale ukitikisika transmita inapowashwa, hakuna kuruka mpaka kebo zihamishwe au zifunikwe vizuri.

Desibeli

Ya kilo yamesemwa, mimi nijibu la picha kufika.

Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili, kwa mita. Chopa ikiwa futi 1,000 (mita 305) na mlingoti wako wa mita 30: kilomita 72 jumlisha 22.5, takriban 94. Garsen iko kama kilomita 105 kwa mstari ulionyooka. Haifiki. Panda futi 2,000, upeo unakuwa 124, na kwa hesabu inafika. Ila mafuriko huja na masika, na wingu likikaa futi 1,500 huna habari siku hiyo. Lamu ni zaidi ya kilomita 135. Ungetaka futi 3,000, na kutoka huko, kwa ukungu wa joto wa pwani, watu wa Maulidi ni chembe za mchele.

Ndani ya upeo mambo ni mazuri. Chukua 2.1 GHz, kilomita 50. Wati 5 ni dBm 37 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ongeza 3 za antena ya chopa, toa 133 zinazopotea njiani, ongeza 20 za dishi la sentimita 60, toa 2 za kebo. Unapokea dBm -75. Risiva ya COFDM (mfumo wa kurusha picha kwa mawimbi madogo mengi pamoja) kwenye QPSK (namna yake ya polepole lakini imara) inaridhika na -95 hivi, kwa hiyo una akiba ya desibeli 20. Weka antena ya kuzunguka pande zote badala ya dishi, akiba inashuka hadi 5, na 5 haitoshi chopa ikiinama. Dishi lifuate chopa kwa data ya GPS inayokuja ndani ya picha yenyewe. Usimwajiri kijana wa kulizungusha kwa mkono.

Tumia hali ya 2k (mawimbi madogo kama elfu mbili), si 8k. Kwa mwendo wa noti 100 (maili za baharini kwa saa) athari ya Doppler (masafa kuhama kwa sababu ya mwendo) kwenye 2.1 GHz ni kama Hz 360. Nafasi kati ya mawimbi madogo kwenye 2k ni Hz 4,464, hivyo inavumilika. Kwenye 8k ni 1,116, na picha itachanika kila rubani akiongeza kasi.

Kwa Garsen na Lamu, usipambane na umbo la dunia. Peleka risiva kwa habari. Kisanduku cha risiva, antena mbili bapa, stendi na enkoda, vyote kwenye masanduku ambayo watu wawili wanabeba, kwa sababu gari la OB (la kurushia matangazo ya nje) linaishia Mokowe. Kutoka hapo ni mashua, na mjini Lamu ni punda au bega. Paa la ghorofa tatu lenye mita 12 linakupa upeo wa kilomita 86 chopa ikiwa futi 1,000. Inatosha Lamu, Manda, Pate na akiba juu.

Na hapo ndipo mkoba wa muuzaji wako unapopata kazi: juu ya paa, chini, ukiipeleka picha Malindi kwa laini za simu au intaneti yoyote iliyopo. Ndani ya chopa ni mambo mengine. Antena za minara zimeinamishwa kuwahudumia watu walio ardhini. Ukiwa futi 1,000 modemu inaiona minara mingi kwa nguvu zinazokaribiana, inarukaruka kutoka mmoja hadi mwingine, na kila ikiruka kasi inaanguka. Juu ya delta ya Tana shida inageuka, minara yenyewe ni michache. Ongeza ucheleweshaji wa sekunde 1 hadi 3, na ruhusa ya kuwasha vifaa vya simu hewani ambayo lazima uiombe. Ununue, ndiyo, lakini uwe wa pili.

Masafa yaombwe Mamlaka ya Mawasiliano mapema. Usinunue transmita kabla hujapewa masafa, maana nyingine haziwezi kuhamishwa bendi.

MwanaSabaki

Shukran sana nyote wawili. Desibeli, nimeambiwa kwamba juu ya bahari picha hukatika ghafla sekunde mbili tatu kisha ikarudi, hata kwa kilomita 30 tu, na dawa yake ni kuongeza muda wa kinga (pengo la kusubiri mwangwi upite) kutoka 1/32 hadi 1/4. Ni kweli?

Desibeli

Ugonjwa upo, dawa hiyo hapana.

Mawimbi yanakufikia mara mbili: yaliyonyooka na yaliyodunda majini. Chopa futi 1,000, antena mita 30, umbali kilomita 30: tofauti ya njia hizo mbili ni sentimita 61 tu, sawa na nanosekunde 2. Kinga ya 1/32 kwenye 2k ni mikrosekunde 7, inameza mwangwi wa hadi kilomita 2. Kwa hiyo mwangwi wako tayari uko ndani ya kinga. Ukihamia 1/4 utapoteza kasi, kutoka Mb 6.03 kwa sekunde hadi 4.98, na picha itaendelea kukatika vile vile.

Kinachotokea ni kwamba mawimbi mawili yanafutana, na kwa kuwa tofauti ni ndogo hivyo, chaneli nzima ya MHz 8 inazama kwa pamoja. Dishi halikusaidii kulitenga la majini: la sentimita 60 linaona upana wa nyuzi 16, na miale hiyo miwili inakuja karibu kwenye pembe moja.

Dawa ni antena mbili kwenye mlingoti, moja juu ya nyingine, na risiva inayozijumlisha. Umbali kati ya shimo moja la mawimbi na linalofuata, ukipima kwenda juu, ni urefu wa wimbi mara umbali wa chopa, gawa kwa mara mbili ya kimo chake. Kwa tarakimu zetu: 0.143 × 30,000 ÷ 610, unapata mita 7. Basi antena ya pili iwe mita 3.5 chini ya ya kwanza. Moja ikiwa shimoni, nyingine iko kileleni. Lakini chopa ikiwa kilomita 15, mashimo yanakuja kila mita 3.5, na antena zako zote mbili zinaingia shimoni pamoja. Ndiyo maana risiva nzuri zina njia nne. Weka ya tatu mita 1.3 hivi chini ya ya kwanza, utalala salama.

Na tumia mkao wa wima wa mawimbi kwenye antena zote, bahari inaudundisha kidogo kuliko wa mlalo.

Jambo la kwetu hasa: wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kimo cha antena juu ya maji kinabadilika kiasi hicho. Mahali palipokuwa pazuri maji yakiwa yamejaa pataharibika yakipwa, na mafundi watafungua transmita bure kutafuta ubovu usiokuwepo.

RubaniWaKusi

Mmesahau kwamba kuna mtu anaiendesha.

Malindi tuko usawa wa bahari, lakini kwa nyuzi 32 hewa ni nyepesi kama ya futi 2,000. Kwa kilo 1,100, kusimama hewani juu ya tukio ni kutafuta balaa. Kazi ya habari hufanywa kwa kuzunguka: futi 500 hadi 1,000, noti 60, kwa kulia. Kulia kwa sababu rubani anakaa kulia na lazima aone anachozunguka. Gimbali ya puani haijali upande.

Mtego uko kwenye upepo. Kusi ikivuma noti 20, ukienda nayo mwendo wa ardhini ni 80, ukiipinga ni 40. Kameramani anaona picha inakimbia upande mmoja, anasema "punguza, punguza". Rubani akimsikiliza, kasi ya hewani inashuka hadi 40, hadi 30, upepo uko mkiani, mguu wa kulia umesukumwa. Rota ya mkia inapoteza nguvu, na pua inaanza kuzunguka kulia yenyewe. Kwa kimo cha futi 500 huna muda mwingi. Kubalianeni chini kabla ya kuondoka: noti 60 za hewani hazipungui, na picha ikikimbia kameramani avute lenzi au chopa ipanue duara.

Juu ya maji msishuke kufuata ngalawa. Upepo wa mapanga ukipiga tanga, chombo kinapinduka na habari inakuwa nyinyi. Mkiruka bila milango, kitu chochote kikichomoka upande wa kushoto kinaenda kwenye rota ya mkia, nayo iko kushoto. Kifuniko cha lenzi kinatosha kuiharibu.

Lamu: zungumzeni mapema na waongozaji wa uwanja wa ndege wa Manda, na mpate kibali cha usalama kabla ya kwenda upande wa Manda Bay na msitu wa Boni. Na muulize mafuta. Uwanja wenye Jet A-1 si lazima uwe na avgas, na R44 haitumii nyingine.

Jicho_la_Shela

La mtetemo. Rota ya R44 inazunguka kama mara 400 kwa dakika na ina mapanga mawili, kwa hiyo unapata mtetemo wa 6.7 kwa sekunde na mwingine wa 13.3. Springi za kishikio huchaguliwa kwa uzito wa gimbali hiyo hiyo. Ukibadilisha lenzi ukapunguza kilo 5, springi zimekuwa ngumu kwa mzigo, na ule wa 6.7 unaanza kupenya. Utauona ukivuta lenzi mpaka mwisho: picha inapumua juu na chini. Kabla ya kumlaumu mwenye gimbali, waambie mafundi wapime mizani ya rota na njia ya mapanga.

Gimbali isilale kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukiitoa kwenye nyuzi 22 ukaiweka kwenye joto na unyevu wa Malindi, kioo kinaota ukungu ndani na nje, na wa ndani haufutiki. Ipeleke hanga saa nzima kabla ya safari. Silika jeli ndani ya kasha, ibadilishwe ikigeuka rangi.

Chumvi ndiyo itakayokumaliza. Kila ukirudi kutoka baharini, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kumimina, si kwa mashine ya presha, maana presha inaisukuma chumvi kwenye beringi na mipira ya kuzuia maji. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi yenyewe. Onja. Kioo cha mwisho kipanguse kwa maji ya betri yaliyosafishwa, yale yasiyo na asidi. Viungio vya BNC (vya kebo za picha) vifungwe utepe wa kujishikisha wenyewe. Kebo ya SDI (ya picha ya dijitali) ikianza kutu kwenye kiungio haififishi picha kidogo kidogo. Inafanya kazi, inafanya kazi, kisha inakuwa nyeusi.

MwanaSabaki

Allah awalipe. La mwisho: wakubwa wameng'ang'ania mtangazaji awemo, hata kama mafuta yatapungua. Sauti nifungeje?

Desibeli

Mikrofoni ya hedseti ya ndege, si ya mkononi wala ya kubana kifuani. Iguse mdomo, ikae pembeni kidogo ya pumzi. Itoe kwenye paneli ya intakomu kupitia transfoma ya kutenga, la sivyo utapata mlio wa alternata unaopanda na kushuka na injini. Mtangazaji awe na kitufe cha kujitoa kwenye intakomu, ili maneno ya rubani na uwanja wa ndege yasiende hewani.

Sauti ya studio inayomrudia iwe na kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe. Akijisikia amechelewa nusu sekunde ataanza kugugumiza ndani ya sentensi mbili. Hilo hupangwa kwenye mikza ya studio, si kwenye chopa, na mtu wa mikza alipime kabla injini haijawashwa.

FundiHanga

Niongeze moja kabla uzi haujafungwa. Antena ya transmita ikiwa tumboni, mikono ya kutulia (vyuma viwili vya chini ambavyo chopa hukalia) itaiziba chopa ikiinama, kwa hiyo wengi hutumia ile inayoshushwa chini ya mikono baada ya kuruka. Ukinunua hiyo, iwe na taa nyekundu mbele ya rubani inayowaka muda wote ikiwa chini, na ijirudishe umeme wa kamera ukizimwa. Isiyojirudisha hukunjwa na sakafu ya zege siku rubani anapotua na mambo mengi kichwani.